Mfadhili Wetu, Kumbukumbu Yake Iwe Baraka

Bwana Lustig alipiga simu nikiwa nakaanga mbilingani, na mtu anayekaanga mbilingani hapaswi kuletewa habari njema.

"Nurit, kaa chini kwanza," akasema.

"Sikai, mafuta yana moto. Sema."

"Anakuja! Mjukuu wa Gorczyk anakuja kutoka Poland. Amesoma sura ya mama yako, amelia mpaka basi. Kijiji chake kinataka kuweka ubao wa shaba kwenye nyumba ya babu yake. Na Yerusalemu wako tayari kumpa marehemu nishani, ile ya watu wa mataifa waliookoa Wayahudi. Kimebaki kitu kimoja tu, neno la mama yako."

Nikazima jiko.

Efraim Lustig ni katibu wa chama cha watu wa Krasnovola, mji wa Wayahudi kule Poland. Mji wenyewe haupo tena, isipokuwa katika ukumbi wa kukodi hapa mjini Holon, walikohamia waliobaki, mara moja kwa mwaka, siku ya kuwakumbuka waliouawa. Wazee wanasoma majina, wanawasha mishumaa, kisha wanakunywa chai na kugombania viti vilivyo karibu na feni. Mwaka ule waliamua kutoa kitabu. Kila aliyebaki hai aandike aliyoyaona. Mama yangu, Hinda, aliandika kuliko wote. Lustig akakata, akachapa sura chache za majaribio, mtu fulani akazitafsiri kwa Kipolandi, na ya mama ikafika kijijini kule.

"Neno gani hilo?" nikauliza.

"Kwamba wakati wa vita Gorczyk aliwaficha bila malipo. Nishani hapewi aliyelipwa. Neno moja, sahihi moja, basi."

"Bwana Lustig, ile sura uliisoma?"

"Nisiisome? Si mimi niliyeihariri!"

"Nauliza kama uliisoma."

"Sikiliza Nurit. Mama yako amemwita yule mtu mfadhili wetu. Kila alipotaja jina lake amefuatisha kumbukumbu yake iwe baraka. Kila mahali! Sasa niambie, Myahudi gani anafanya mzaha na neno lile?"

Hapo alisema kweli. Kwetu sisi jina la marehemu haliachwi uchi. Mtu mwema huwekewa kumbukumbu yake iwe baraka. Muuaji huwekewa jina lake lifutike. Hata wifi uliyekaa naye miaka ishirini bila salamu, akifa anapata baraka yake, maana neno lile halichezewi, kama ambavyo watu hawachezi mpira na mkate. Mgeni angesoma sura ya mama akashtuka, akajiuliza kama mwandishi ni mzima. Lustig alizaliwa mtaa mmoja na mama. Aliliona neno la baraka, akavua kofia.

Mimi ndiye niliyeipiga chapa ile sura kutoka mwandiko wa mama, kwa hiyo niliijua. Nilikwenda kabatini nikaitoa nzima, kabla haijapita kwenye mkasi wa Lustig. Iliandikwa hivi:

"Mfadhili wetu Walenty Gorczyk, kumbukumbu yake iwe baraka, alikuwa mtu msafi. Hakupenda Wayahudi walalie viazi vyake. Kwa hiyo katika shimo lililokuwa chini ya zizi viazi vilipewa upande wenye nyasi kavu, sisi tukapewa upande wenye maji. Viazi havikuugua. Cherehani ya mama aliibeba kwa mikono yake mwenyewe jioni ya kwanza, isije ikapata kutu kwa ule unyevu. Na koti la marehemu baba, lisiote ukungu. Na pete ya mama, kwa kuwa chini kule vidole huvimba. Alitufikiria kwa kila jambo. Ndugu yangu Motl alipoanza kukohoa, mfadhili wetu, kumbukumbu yake iwe baraka, aliona kwamba mtoto anahitaji hewa safi. Alimpa nusu mkate, akamwonyesha barabara. Barabara ilikuwa nzuri. Wajerumani walikuwa wameitengeneza mwaka ule ule."

Lustig alikata maji. Alikata pete na koti. Aliwakata na Wajerumani. Nafasi ni ndogo, alisema, na kila familia inataka picha. Kilichobaki kilikuwa hiki: mfadhili alikuwa mtu msafi, aliihifadhi cherehani isipate kutu, aliwafikiria kwa kila jambo, na ndugu wa mama alipougua alimpa mkate, akamwonyesha barabara. Ukisoma hivyo, hata mimi ningetoa nishani.

Nilikwenda kwa mama siku ile ile. Anakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na huwa anasema ngazi ndizo zinazomchagulia wageni.

"Nimeshasikia," akasema kabla sijaweka mkoba. "Efraim amenipigia. Analia kwenye simu kama mtoto anayeota meno. Mwache mjukuu aje."

"Utamwambia nini?"

"Nitampa keki."

"Mama, wanakwenda kumwandika kwenye shaba. Juu ya mlango uliomtoa Motl."

"Mlango ule ulikuwa mfupi. Ubao watauweka chini, mbwa watausoma."

Nilikaa. Ningeweza kumtikisa mabega. Mama yangu ana ulimi wa wembe na umemlea vizuri. Ulimvusha vita, kambi ya wakimbizi, meli, na ndoa na baba yangu ambayo nayo haikuwa mchezo. Lakini habari ya Motl hakuwahi kumwambia mtu kwa maneno yaliyonyooka. Hakumwambia baba, na mimi sikuambiwa. Nilijua kuwa kulikuwa na mjomba mdogo, kwamba alikohoa, na kwamba alitolewa. Nilipouliza zaidi nilipewa kijembe na kikombe cha chai. Sasa mtu anakuja na swali moja, na jibu lake ni mojawapo kati ya mawili. Akisema hapana, hakulipwa, jina la Gorczyk linapanda ukutani na la Motl linabaki chini yake, limefunikwa. Akisema kweli, itabidi aiseme.

"Utaweza?" nikamwuliza.

"Kuweza nini? Keki ya mbegu za popi naipika tangu hujazaliwa."

Mjukuu alikuja siku ya tatu, saa kumi alasiri, na Lustig amevaa tai katika joto lile. Jina lake Jolanta. Mwanamke mwenye mabega mapana, rika langu hivi, mwalimu wa jiografia, pua imeshaungua kwa jua la kwetu. Alipanda ngazi zote na begi zito na hakumruhusu Lustig alishike. Alimbusu mama mkono kwa adabu ya kwao ya zamani, na mama akauacha mkono ubusiwe, huku akiniangalia mimi.

Waliongea Kipolandi. Nakielewa. Watoto wa umri wangu hapa wote tulikielewa, kwa sababu ndiyo lugha waliyotumia wazazi walipotaka tusisikie.

"Karibu binti," mama akasema. "Umefanana na babu yako. Yeye pia alikuwa anajaa mlangoni."

Jolanta akatabasamu. Akafungua begi, akatoa kitu kilichofungwa kwa shuka, akakiweka juu ya meza kati ya keki na bilauri za chai. Akakifungua polepole.

Ilikuwa cherehani. Ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia pale kiganja kinapopita.

"Babu alituambia, hii ni ya wale watu wa chini," akasema Jolanta. "Alituambia ipo siku watakuja kuichukua. Tuliitia mafuta kila mwaka. Tazama, Bibi Hinda. Haina kutu hata kidogo."

Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha keki. Nikakiweka chini.

Mama alizungusha gurudumu. Sindano ikashuka, ikapanda. Ilikuwa haipigi kelele kabisa.

"Naona," akasema. "Alitimiza neno lake."

"Ndiyo!" akasema Jolanta, na macho yakamjaa machozi.

"Na imeshona nini miaka yote hii?"

"Loo, mengi. Gauni la harusi la mama yangu. Gauni langu la komunyo ya kwanza. Mapazia, mashuka. Kijijini walikuwa wanakuja kuazima."

"Vizuri. Mama yangu angefurahi. Alikuwa anachukia mashine iliyokaa bure."

Lustig alikuwa anapangusa miwani. "Mungu wangu," anasema, "Mungu wangu, Hinda, ona watu hawa." Akatoa kalamu. "Haya, tumalize kazi, halafu tule kwa furaha. Swali ni moja tu. Walenty Gorczyk alipokea malipo kwa kuwaficha?"

"Malipo? Walenty?" Mama akainua mabega. "Hata kidogo. Alipokea zawadi tu. Sisi tulikuwa wageni, Efraim, na mgeni hafiki mikono mitupu."

Lustig akaanza kuandika.

"Bwana Lustig, weka kalamu chini," nikasema.

"Nurit, usiingilie, mama yako anatoa ushahidi."

"Mama yangu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Weka kalamu chini." Nikamgeukia mama, kwa Kiebrania. "Huyu binti haelewi. Ametoka mbali na hilo begi na haelewi hata neno moja. Ongea naye kama unavyoongea na muuza samaki."

"Na muuza samaki naongea hivi hivi."

"Ndiyo maana anakuuzia samaki wa jana."

Lustig akatutazama kwa zamu kama mtu aliyepanda basi lisilo lake. Jolanta alihisi kuna ugomvi, lakini hakujua wa nini. Akaweka mkono juu ya mkono wa mama.

"Bibi Hinda, nina jambo lingine. Nilitaka liwe la mwisho, liwe zawadi. Nyumbani kwetu husemwa kwamba yule mdogo wenu babu alimpeleka kwa masista, kwenye nyumba ya watawa ng'ambo ya mto. Nimeanza kumtafuta. Nimeuliza kila mahali. Watoto wengi siku zile walibadilishwa majina, wakabatizwa. Huenda yupo. Huenda ni mzee tu mahali fulani, hajui yeye ni nani."

Nasema ukweli, kwa muda wa pumzi moja nilimwona. Mzee mwenye masikio ya mama, amekaa kanisani mahali fulani, anapiga ishara ya msalaba. Nilimwona na nikampenda.

Mama aliuondoa mkono wake. Alisukuma bilauri ya chai pembeni, taratibu, mpaka ikagusa cherehani.

"Hakuna masista, binti," akasema.

Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimfahamu mama yangu miaka yangu yote na ile sauti sikuwa nimeisikia. Haikuwa na kitu nyuma yake.

"Alitoka Jumapili asubuhi. Babu yako alisema Jumapili watu wanakwenda kanisani, barabara imejaa, mtoto hataonekana. Mama alimfunga skafu. Akamwambia aende moja kwa moja na asigeuke nyuma, maana akigeuka ataonyesha alikotoka. Alikuwa na miaka sita. Alitii. Mama akaanza kulikunja blanketi lake. Hakumaliza kulikunja. Tulisikia."

Hakuna aliyeuliza walisikia nini. Chini mtaani muuza matikiti alikuwa anapiga kelele kwamba yake ni mekundu kama damu.

"Jioni babu yako alishuka shimoni. Ule mkate alikuwa nao. Alikwenda kuuokota. Alikuwa anaufuta kwa shati lake huku anashuka ngazi. Akatupa sisi. Akasema, chakula kisipotee." Mama alitazama meza. "Tukaula. Mama alikata, akanipa mimi kipande kikubwa."

Katika ile sura, baada ya sentensi ya barabara iliyotengenezwa na Wajerumani, kulikuwa na mbili nyingine. Mfadhili wetu hakupenda chakula kipotee. Siku ile tulikula vizuri. Nilizipiga chapa mwenyewe mwezi wa pili, watoto wakipigana chumba cha pili, na nilifikiri ni kijembe kimoja zaidi. Lustig alizikata kwa sababu, aliniambia, hazina uhusiano na habari.

Jolanta hakulia. Kwa hilo nilimheshimu. Alikuwa amelia sana kwenye mambo matamu, na sasa alikaa wima kama mtu anayepigwa picha.

"Babu hakutuambia," akasema.

"Angewaambia vipi? Mimi nilikuwepo na sikuwaambia watoto wangu. Muulize huyu."

"Basi kwa nini uliandika baraka?"

"Kwa sababu aliendelea kuleta viazi!" Mama alipiga meza kwa kiganja, sindano ya cherehani ikaruka. "Baada ya Motl. Kila siku. Majira ya baridi yakaisha, yakaja mengine, analeta. Wangetukuta wangemchoma yeye na nyumba, na mama yako akiwa kitandani mwake, mtoto mchanga. Alilijua hilo. Alikuwa anatetemeka, nilikuwa naiona ndoo inavyotetemeka. Na analeta. Mimi nimekaa hapa, nina binti mwenye mdomo, nina wajukuu, mmoja yuko chuo kikuu. Namshukuru kila siku, na hilo pia siwezi kumsamehe. Sasa wewe ni mwalimu. Mtu wa namna hiyo anaandikiwa nini?"

Lustig alikuwa ameshapasua karatasi yake vipande vinne. Uso umemwiva.

"Jina lake lifutike!" akasema, akafanya kama anatema mate pembeni. "Mtoto wa miaka sita! Jina lake lifutike na kumbukumbu yake!"

"Efraim!" mama akasema. "Usimlaani mtu niliyekula kwake."

"Lakini wewe mwenyewe ume..."

"Mimi nimesema. Wewe nyamaza. Ulikuwa Tashkent, mbali na vita, unakula matikiti."

"Nilikuwa Tashkent nafa kwa homa ya matumbo, kwa taarifa yako!" Akavua tai, akaitia mfukoni. "Hinda, kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Jumatano. Niweke nini? Mtu ama anawekewa baraka, ama laana. Hayo ndiyo yaliyopo. Neno la katikati hatuna."

"Nalijua hilo. Nilikaa miaka hamsini nalitafuta. Ndiyo maana nikaandika kurasa zote zile. Neno la katikati lilikuwa refu, Efraim, na wewe ukalikata."

Tulikunywa chai. Mtu anaweza kushangaa, lakini ilikuwa imeshamiminwa. Jolanta alikula kipande cha keki hadi mwisho, kwa shida, kama dawa. Kisha akasema kwamba ombi la nishani ataliondoa yeye mwenyewe.

"Mimi sikukuambia ufanye hivyo," mama akasema.

"Hapana. Lakini swali lilikuwa kama alichukua kitu." Akaitazama cherehani. "Nimeibeba mwenyewe kwenye ndege."

"Kijijini watasema nini?" nikauliza.

"Shaba imeshachongwa. Jina na kila kitu. Mjomba wangu alichangisha." Akafikiri. "Watasema Wayahudi hawana shukrani. Halafu watasema mimi nimelipwa na ninyi."

"Wape muda," mama akasema. "Watasema na mengine."

Alipokuwa anaondoka alitaka kuacha cherehani. Mama hakutaka kuiona. Jolanta naye hakutaka kurudi nayo, na wakasimama mlangoni wakisukumiana kwa heshima, kila mmoja akisema haiwezekani, haiwezekani kabisa. Nikaichukua mimi. Kitu kinachoshona kinashona. Nimeshafupisha nayo suruali za wanangu wawili, na sikufikiri lolote nilipokuwa nafupisha, nilifikiri suruali.

Lustig aliirudisha sura nzima kitabuni. Alilalamika wiki nzima. Aliniambia kwenye simu kwamba watu hawataelewa, watadhani tena ni sifa, kwamba angalau tuweke maelezo mafupi chini ya ukurasa, mwandishi hapa anatumia kejeli. Nikampelekea mama hoja hiyo.

"Mwambie akiweka maelezo, na mimi naweka yangu, kuhusu Tashkent," akasema.

"Anasema basi uisome wewe mwenyewe ukumbini. Watasikia kwa sauti."

Nilidhani atakataa. Miaka yote katika ile siku alikuwa anakaa safu ya nyuma karibu na mlango, na majina yakianza kusomwa anatoka nje kutafuta hewa. Akasema sawa. Akaniomba nimkunjie pindo la sketi nyeusi.

Ukumbi ulijaa. Wazee wa Krasnovola waliobaki, waliopungua tangu mwaka uliotangulia, watoto wao, yaani sisi, na wajukuu walioletwa kwa nguvu. Na kama kila mwaka, darasa moja la shule ya sekondari ya jirani, mashati meupe, pamoja na mwalimu wao, msichana mwenye macho makubwa ambaye alikuwa amewafundisha wakae kimya. Jolanta alikuwa bado hajaondoka nchini. Alikaa mwisho wa safu yetu, mikono mapajani.

Mama alipanda jukwaani, akashusha kipaza sauti kwa sababu aliyemtangulia alikuwa mrefu, akaanza bila kusalimu.

"Mfadhili wetu Walenty Gorczyk, kumbukumbu yake iwe baraka, alikuwa mtu msafi."

Hakutia chumvi. Aliisoma kwa sauti ile anayotumia akinieleza jirani wa chini alivyo mpole. Alipofika kwenye "viazi havikuugua," mzee mmoja mwenye kifaa cha kusikia sikioni, safu ya mbele, alitoa mlio kama aliyekwamwa na mfupa. Nikadhani anaugua. Alikuwa anacheka. Jirani yake akafuata. Kwenye pete na vidole vinavyovimba walikuwa wanacheka safu tatu, kicheko kikavu, cha mabega, kama watu wanaokohoa pamoja. Mwanamke mmoja alijipiga paja. "Kweli! Kweli kabisa!" akasema kwa sauti. "Wetu sisi alichukua buti zetu, tusije tukapotea njia!"

Mwalimu alisimama nusu. Aliwageukia wazee, kidole mdomoni, amefadhaika kabisa. "Tafadhali," akanong'ona. "Tafadhali, ni siku ya kumbukumbu." Watoto wake walikuwa wanatazamana. Kijana mmoja mbele yangu akageuka.

"Shangazi, mbona wanacheka?"

"Kwa sababu wameelewa," nikasema. "Geuka mbele."

Mama alisoma habari ya kikohozi na hewa safi. Kicheko kikapungua, kikawa cha koo tu. Aliposema barabara ilikuwa nzuri, Wajerumani wameitengeneza mwaka ule ule, kikalipuka tena, kikubwa kuliko vyote. Wale wazee walikuwa wanafuta macho. Sikuwahi kuwaona hivyo. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anawasomea kitu chao katika lugha yao, na walikuwa wanampa mama yangu kila walichokuwa nacho.

Kisha akasoma: "Mfadhili wetu hakupenda chakula kipotee."

Wakacheka. Bila shaka walicheka. Sentensi ilikuwa inafuata nyingine zote, ina mwendo ule ule, na mama aliisoma kwa sauti ile ile. Wangejuaje? Niliangalia safu yetu. Jolanta alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso linagusa kiti cha mbele. Upande wa pili Lustig alikuwa amesimama karibu na birika la chai, na kitambaa kimeziba mdomo, na alikuwa anatikisa kichwa kuwakataza, hapana, hapana, lakini hakuna aliyekuwa anamtazama yeye.

Mama alingoja. Alishikilia ukurasa kwa mikono miwili na kungoja kicheko kipite, kama mtu anavyongoja lori lipite ndipo avuke barabara. Hakuwakatiza wala hakuwaeleza. Kilipotulia akasoma sentensi iliyofuata, na mzee mwenye kifaa cha sikioni akacheka tena, peke yake, kwa furaha, na mama akamtikisia kichwa kidogo, kwa adabu, na kufungua ukurasa wa majira ya baridi yaliyofuata.